Msafiri Maskini: Juu ya Ladha ya Vitabu vya Safari Vyenye Ucheshi

Mtu arudipo kutoka safari huulizwa na jamaa zake, "Habari za safari?" Naye hujibu, "Njema." Hujibu hivyo hata kama gari lililala porini siku mbili, au tanga lilichanika baharini, au nauli iliibwa kituoni. Adabu yetu yataka jibu la kwanza liwe la heri, ili wenyeji wasishtuke na Mungu ashukuriwe kwa uzima. Msafiri akisha kuketi, akanawa, akapewa maji ya kunywa, huvuta pumzi na kusema neno la pili, nalo ni "lakini". Hapo watoto husogea karibu, na aliyekuwa akiondoka hurudi kukaa. Jibu la kwanza hupokewa kwa adabu. La pili husikilizwa kwa moyo.

Vitabu vya safari navyo ni vya namna mbili hizo. Viko vinavyokaa katika "njema": hutaja urefu wa mito, kimo cha milima na uzuri wa majumba, na mwandishi hupita katikati ya mambo hayo yote bila kujikwaa hata mara moja. Na viko vinavyoanzia katika "lakini": mwandishi hupotea njia, hupunjwa sokoni, hupanda punda asiyetaka kwenda, na hucheka baadaye akituchekesha nasi. Vile vya kwanza huheshimiwa na kuwekwa juu ya rafu. Hivi vya pili husomwa mpaka majalada yakachakaa. Wanachuo wengi hudhani tofauti hii ni ya uzito na wepesi tu. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba ladha ya vitabu vya safari vyenye ucheshi yatoka katika jambo zito, na kwamba jambo hilo likikosekana, ucheshi hugeuka kuwa kitu kingine kisichostahili jina lake.

Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hilo kwa maneno machache: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Umaskini unaotajwa hapa si wa fedha peke yake. Msafiri ni maskini wa lugha, kwa kuwa mtoto mdogo wa mji ule humshinda kusema. Ni maskini wa hesabu, kwa kuwa hajui bei ya haki wala sarafu ya wenyeji. Ni maskini wa saa, wa njia na wa desturi. Zaidi ya yote, ni maskini wa heshima: kwao alijulikana ni mwana wa nani na amefanya nini, ugenini hujulikana kwa nguo na mzigo wake. Msafiri mwenye makuu huuficha umaskini huu, na aghalabu huandika kana kwamba yeye ndiye mwenyeji na wenyeji ndio wageni. Msafiri mcheshi huukiri. Nasi twampenda kwa kukiri kwake, kwa sababu twaona kwamba mtu asiyeficha aibu yake hatatudanganya katika mengine.

Tuchukue mfano unaojulikana sana katika fasihi ya Marekani. Mwezi wa Juni, 1867, meli iitwayo Quaker City iling'oa nanga New York ikiwa imechukua watalii wa Kimarekani waliokwenda kuzuru Ulaya na Nchi Takatifu. Miongoni mwao alikuwamo mwandishi wa magazeti aliyeitwa Samuel Clemens, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Mark Twain. Aliandika barua za safari hiyo kwa gazeti la Alta California la San Francisco, na mwaka 1869 akazitengeneza kuwa kitabu, The Innocents Abroad. Katika maisha yake hakuna kitabu chake kingine kilichouzwa zaidi. Wakati ule Wamarekani walikuwa wamezoea vitabu vya safari vya kunyenyekea mbele ya kila jiwe la Ulaya. Twain aliwaletea msafiri aliyethubutu kusema kwamba amechoka, kwamba haelewi, na kwamba amepunjwa.

Mapema katika kitabu hicho meli yafika visiwa vya Azores, vilivyo vya Wareno. Mmoja wa wasafiri, aitwaye humo Blucher, awaalika wenzake tisa chakula cha jioni hotelini. Wanakula, wanakunywa, wanavuta sigara, kisha hesabu yaletwa: chakula cha watu kumi, reis 6,000, sigara 25, reis 2,500, chupa 11 za mvinyo, reis 13,200, jumla reis 21,700. Blucher akauka. Wenzake wanyamaza na kutazamana, kila mmoja akihofia mfuko wake. Mwisho ainuka kwa hasira, atupa dola 150 za dhahabu mezani na kusema kwamba hatalipa zaidi hata kwa ugomvi. Mwenye hoteli, asiyejua Kiingereza, ashangaa. Kisha hesabu yafasiriwa, na yaonekana kwamba reis 1,000 ni dola moja tu. Deni lote halifiki dola 22. Wageni waagiza vinywaji zaidi.

Twacheka nini hapa? Hatumcheki Mreno, ambaye hakufanya kosa lolote: chakula chake kilikuwa kizuri na bei yake ilikuwa ya haki. Twamcheka tajiri aliyefilisika kwa dakika tano kwa sababu ya sifuri tatu. Sarafu ngeni imemvua Blucher utajiri wake wote, kisha ikamrudishia, na katikati ya hayo mawili tumemwona alivyo bila ya fedha zake: mwoga, mkali, na mwepesi wa kudhani kwamba ameibiwa. Mtu yeyote aliyevuka mpaka na noti za nchi jirani mfukoni, asijue kama amejazwa fedha au makaratasi, ataijua hofu hiyo.

Huyo huyo Blucher ana saa ya thamani aliyoinunua kwao, nayo haijapata kumkosea. Meli ikielekea mashariki, saa ya melini yaitangulia yake kila siku. Aikaza, aiharakisha kadiri ya uwezo wake, bado yashindwa. Asadiki kwamba ameuziwa saa mbovu, mpaka nahodha amweleza kwamba ni jua lenyewe linalobadilika kwa kadiri waendavyo. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya pekee ya kukifurahia kichekesho hiki. Sisi twahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na kila mwaka wageni wafika kwetu wakidhani kwamba saa zao zajua ukweli wote. Akiambiwa gari laondoka saa mbili asubuhi, mgeni asiyefundishwa huja alfajiri kabisa wakati kituo kingali kimefungwa, naye hulaumu nchi nzima. Kumbe saa yake haina kosa, wala yetu haina. Kosa ni kudhani kwamba iko saa moja tu duniani. Ucheshi wa safari, ukiwa mwema, hutoa somo hili bila kupanda mimbarini.

Kichekesho cha tatu chafaa kutajwa kwa sababu humgusa mwandishi mwenyewe. Huko Gibraltar aingia dukani kununua glavu za ngozi. Binti auzaye amsifu mkono wake na namna yake ya kiungwana ya kuvaa. Glavu ni ndogo. Zapasuka huku na huku. Lakini kadiri zipasukavyo ndivyo sifa zizidivyo, naye, kwa kuona haya kuipoteza heshima hiyo mpya, ajifanya ameridhika na kulipa. Wenzake wawili wamcheka, kisha yajulikana kwamba nao wamenunua zao kwa sifa zile zile. Hapa mwandishi amejivua nguo mbele yetu. Hakutaka tumwone hodari. Ametaka tumwone mwenye kiburi, kama tulivyo sisi. Msomaji amwachae Twain hapo atakuwa amejicheka nafsi yake bila kuumia, na hilo si jambo dogo.

Wala haihitajiki safari ya mbali. Mwaka 1889 Jerome K. Jerome, Mwingereza, alichapisha Three Men in a Boat, habari za vijana watatu na mbwa wao waliopanda mto Thames kwa mashua, wakilala mtoni katika nchi yao wenyewe. Hawakuona simba wala jangwa. Adui yao mkubwa ni kopo la mananasi, maana wamesahau kifungulio. Walishambulia kwa kisu, kwa mkasi, kwa upondo, kwa jiwe na kwa mlingoti. Damu ikatoka, mmoja nusura apoteze jicho, na kopo likapondeka kwa kila umbo lakini halikufunguka, mpaka likatupwa mtoni kwa laana. Hapo twajifunza kwamba ugeni haupimwi kwa maili. Mtu aliyeacha jikoni kwake kifaa kimoja kidogo amekwisha kuwa msafiri, na kwa hiyo amekwisha kuwa maskini.

Mpaka hapa nimesema juu ya ucheshi mwema. Lakini iko namna nyingine ya kuchekesha, na sisi wa upande huu wa Afrika twaijua kuliko wengine kwa kuwa imetumiwa juu yetu. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma kitabu cha Richard Burton, kilichochapishwa mwaka 1860, juu ya safari yake ya 1857 hadi 1859 kutoka pwani yetu kwenda ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mwanachuoni wa lugha nyingi na kalamu yake ilikuwa kali. Wapagazi wagombanao, askari wavivu, kiongozi mwoga, machifu wenye tamaa: wote huchorwa kwa ustadi, na mimi nilicheka. Nilikwisha kucheka kurasa kadhaa kabla sijatambua nacheka nani. Kama mzee wangu yeyote alipata kubeba mzigo katika njia ile, ndiye niliyekuwa nikimcheka, tena kwa macho ya mtu ambaye hakumwona kuwa mwenzake.

Tangu siku ile nimejizoeza kutenga maneno mawili, ucheshi na dhihaka. Mcheshi hucheka akiwa ndani ya shimo. Mwenye dhihaka hucheka akiwa amesimama ukingoni. Na ajabu ya kitabu cha Burton ni kwamba kichekesho cha kweli kilikuwa karibu naye naye hakukichukua. Sehemu kubwa ya safari hiyo alikuwa mgonjwa, miguu haina nguvu, akachukuliwa kwa machila mabegani mwa watu wale wale aliowadharau. Kama pana msafiri aliyestahili kuikumbuka methali yetu, ni mtu aliyebebwa kama mzigo huku akiandika aibu za wabebaji. Ugonjwa wake ameutaja, tena kwa urefu. Asichokiona ni picha nzima. Mark Twain angaliiona, naye angaliufanya mlango wake bora kuliko yote.

Nasema angaliiona, wala sidai kwamba aliona siku zote. Twain huyo huyo, afikapo Shamu na Palestina, mara nyingi apanda ukingoni. Maskini na wagonjwa wa vijiji husimuliwa kama takataka za njiani zinazomchafulia mgeni ziara yake. Kicheko chapoa, na msomaji mwenye moyo hupindua kurasa upesi. Lakini humo humo, asimuliapo kwamba yeye na wenzake walitaka kupanda mashua katika ziwa la Galilaya, wakaombwa dola nane, wakabishana ili walipe nusu, na mwenye mashua akatweka tanga akawaacha ufukweni, ucheshi warudi na uhai wake wote. Watu waliovuka bahari kuja kuliona ziwa takatifu walikosa kulipanda kwa ajili ya dola nne! Mwandishi ni yule yule na nchi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Maisha nayo yalimfundisha. Mwaka 1894 Twain alifilisika, na mwaka uliofuata akaanza safari ya kuzunguka dunia akihutubia kwa malipo ili alipe wadai wake: Australia, New Zealand, Bara Hindi, Mauritius na Afrika ya Kusini. Kitabu cha safari hiyo, Following the Equator, kilitoka mwaka 1897. Humo msafiri ni maskini kwa maana zote mbili, na ndipo dhihaka yake ilipowageukia wale waliojiita wastaarabu huku wakiwanyang'anya wengine ardhi. Sisemi kwamba deni humfanya mtu mwema. Nasema kwamba aliyekwisha kunyenyekezwa huona upesi zaidi ni nani aliyekanyagwa.

Sasa tugeuze macho. Fasihi yetu ina wasafiri waliokwenda upande wa pili, nao hawajasomwa kwa jicho hili ipasavyo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapa huko Göttingen kitabu cha Safari za Wasuaheli, na ndani yake imo habari ya Salim bin Abakari, aliyesafiri mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, Bumiller, kwenda Urusi, Siberia na Asia ya Kati. Salim hakukusudia kuandika kichekesho. Asimulia kwa utulivu: tulifika mahali fulani, tukaona jambo fulani, tukaondoka. Lakini kila afikapo watu humkusanyikia, kwa kuwa hawajapata kumwona mtu mweusi. Twasema mgeni ni kuku mweupe. Huko kuku mweupe alikuwa mweusi, na methali haikupungua ukweli wake hata kidogo.

Mtu aliyekwenda kutazama nchi ametazamwa yeye, na ayaandika hayo kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kilio wala majivuno. Ucheshi wake ni wa uso mkavu, ule ambao msimuliaji hacheki bali huwaachia wasikilizaji kazi hiyo. Vitabu vingi vya Ulaya vilikuwa vimejaa Waafrika waliotazamwa. Hapa Mwafrika anayetazamwa anawatazama watazamaji, na kalamu iko mkononi mwake. Si kulipiza kisasi, kwani hawatukani. Ni kusawazisha mizani.

Pamoja naye tumweke Ham Mukasa wa Uganda. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza katika sherehe ya kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba, sherehe iliyoahirishwa kutoka Juni hadi Agosti kwa ugonjwa wa mfalme mwenyewe. Aliandika kwa Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1904. Mukasa huistaajabia Uingereza, lakini huipima kwa vipimo vya kwao, ili ndugu zake walioko nyumbani waone. Kufanya hivyo ni kuifanya Buganda kuwa kitovu na London kuwa pembeni, na humo humo mna tabasamu ambalo pengine wenyeji wake hawakuliona.

Najua hoja mbili zitakazotolewa juu ya maneno haya. Ya kwanza ni kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha: anayezoea kucheka safarini hushindwa kuona dhiki za kweli. Hoja hiyo ni ya haki kwa dhihaka, ila si kwa ucheshi. Mwandishi aliyekwisha kujicheka ana masikio mepesi ya kusikia pale kicheko kinapopaswa kukoma, na akikoma, ukimya wake husikika. Asiyepata kucheka hana njia ya kutuonyesha tofauti.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, wala sina jibu la kuiondoa yote. Umaskini wa msafiri mcheshi ni wa muda. Blucher alirudishiwa dola zake; Twain wa 1867 alikuwa na meli ya kumrudisha kwao. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini wako waliochukuliwa katika majahazi ambao ngama yao haikuwa na marejeo. Mtumwa aliyepelekwa ng'ambo, mkimbizi aliyevuka mpaka usiku, kibarua aliyenyang'anywa hati zake katika nchi ya watu: hawa nao ni wasafiri, na hatuwezi kuwataka watuchekeshe. Hata Salim alikwenda akiwa mtumishi, si mtalii, na pengine utulivu wake watoka huko. Basi tukubali kwamba kitabu cha safari chenye ucheshi ni kitabu cha mtu aliyerudi. Kicheko chake ni shukrani ya kurudi. Anayelisahau hilo, akachekea njiani palipo na watu wasio na pa kurudi, amerudi ukingoni pa Burton.

Kwa hiyo mwanafunzi asomapo kitabu cha namna hii asiulize kwanza kama kinachekesha, kwa maana hata dhihaka huchekesha. Na aulize ni nani aliye maskini katika kila kichekesho: msafiri, au mwenyeji aliyemkuta nyumbani kwake? Swali hilo moja latosha kupanga vitabu vingi mahali pake.

Nasi tunaoandika Kiswahili tuna kazi mbele yetu. Lugha iliyoupa ulimwengu neno "safari" haina haki ya kuwa na rafu fupi ya vitabu vya safari. Tuna reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975, tuna mabasi ya usiku na majahazi ya kaskazi na kusi, na tuna Waswahili walioenea Muscat, London na Toronto wakijifunza kila siku kufungua makopo bila kifungulio. Mambo hayo husimuliwa barazani kila jioni kwa ustadi mkubwa, kisha hupotea na chombo cha kahawa kinapoondolewa. Tumezoea kuandika "njema" kwa sababu ya adabu, na adabu hiyo ni nzuri. Lakini jamaa wamekwisha kuketi, nao wangojea neno la pili.